Warithi wa Njoro: Ukoo wa Elspeth Huxley na Jamaa Wasioandikwa

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya walowezi nchini Kenya umejikita aghalabu katika suala moja kuu, nalo ni namna Mwafrika alivyosawiriwa na mwandishi wa Kizungu. Suala hilo ni la msingi na halijapitwa na wakati. Mwaka wa 1978 Micere Githae Mugo alichapisha kitabu chake Visions of Africa, ambamo Elspeth Huxley anachunguzwa sambamba na Chinua Achebe, Margaret Laurence na Ngũgĩ wa Thiong'o. Ngũgĩ naye, katika insha zake, amemhesabu Huxley miongoni mwa waandishi waliomtazama Mwafrika kwa jicho la mkoloni. Hata hivyo, lipo swali jingine ambalo wahakiki wamelipita haraka: je, mwandishi huyu aliwasawiri vipi jamaa zake mwenyewe, na usawiri huo una uhusiano gani na ardhi ambayo jamaa hao waliikalia?

Swali hili si la udadisi wa mambo ya watu. Vitabu vinavyosomwa zaidi miongoni mwa kazi za Huxley ni vitabu vya ukoo. The Flame Trees of Thika (1959) na The Mottled Lizard (1962) vinasimulia habari za baba, mama na mtoto mmoja katika shamba jipya. Nellie: Letters from Africa (1980) ni mkusanyiko wa barua za mama yake. Hata Red Strangers (1939), riwaya yake iliyo bora kuliko zote, ni hadithi ya vizazi vya familia moja, ingawa familia hiyo si ya Kiingereza. Kwa hiyo ukoo ndio umbo la fasihi aliloliteua mwandishi huyu, na umbo lolote huja na itikadi yake.

Makala haya yanatetea hoja kwamba nyumba ya akina Grant huko Njoro, kilomita chache magharibi ya mji wa Nakuru, ilikuwa mahali walipokutana watu wa aina mbili waliofanana kwa jambo moja: wote walikuwa wamesukumwa nje na taratibu za urithi za makwao. Sheria ya kikoloni iliwafanya wa kwanza kuwa warithi na wa pili kuwa vibarua. Fasihi ilifuata njia hiyo hiyo, ikawapa wa kwanza nasaba na kuwaachia wa pili jina moja moja.

Binti wa mtoto asiye mrithi

Elspeth Josceline Grant alizaliwa London tarehe 23 Julai 1907. Alikuwa mtoto wa pekee wa Josceline Grant, aliyefahamika kama Jos, na Eleanor Grosvenor, aliyeitwa Nellie. Nasaba ya mama ilikuwa ya fahari. Babu mzaa mama, Richard Grosvenor, alikuwa mbunge na kiranja mkuu wa chama cha Liberal katika zama za Gladstone, na mwaka wa 1886 alipewa cheo cha Baron Stalbridge. Kaka yake ndiye aliyekuwa Duke wa kwanza wa Westminster, mmoja wa wamiliki wakubwa kabisa wa ardhi katika jiji la London.

Msomaji anayeishia hapo hudhani kwamba Elspeth alizaliwa katika utajiri. Ukweli ni tofauti, na tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa maisha ya ukoo huu. Kaida ya mabwanyenye wa Uingereza ilikuwa kwamba cheo na mashamba humwendea kifungua mimba wa kiume. Wadogo zake hujitafutia riziki katika jeshi, kanisa, siasa au makoloni, na mabinti hutarajiwa kuolewa. Nellie alikuwa binti wa mtoto asiye mrithi. Jos alikuwa afisa wa jeshi ambaye biashara alizozijaribu zilimwendea mrama. Walikuwa na jina, walikuwa na jamaa wenye majumba, lakini hawakuwa na ardhi.

Mwaka wa 1912 wawili hao waliingia Afrika Mashariki ya Kiingereza na kuanza kulima kahawa karibu na Thika. Vita Kuu vya kwanza vilipozuka Jos alirejea jeshini, na familia ikatawanyika. Baada ya vita walirudi, na mapema katika miaka ya 1920 wakahamia Njoro katika shamba walilolipa jina la Gikammeh. Hapo ndipo Nellie alipoishi hadi mwaka wa 1965. Jos alifariki mwaka wa 1947.

Ardhi ya Njoro haikuwa tupu ikiwangoja wageni hao. Jina lenyewe la Njoro lina asili ya Kimaasai. Mapatano ya mwaka wa 1904 yaliwaondoa Wamaasai katika malisho ya Bonde la Ufa ya kati, na mapatano ya mwaka wa 1911 yakawaondoa baadaye hata Laikipia walikokuwa wamesukumiwa. Pembezoni mwa msitu wa Mau waliishi Waokiek, ambao madai yao ya ardhi serikali ya kikoloni haikuyatambua. Bwana Delamere alikuwa amekwisha kujitwalia eneo kubwa la Njoro tangu mwaka wa 1903, kabla ya kuhamishia makao yake Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita. Kisha Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka wa 1915 ikampa mlowezi uwezo wa kukodi ardhi kwa muda wa miaka 999. Katika hesabu ya ukoo, miaka 999 ni zaidi ya vizazi 30. Watu waliokosa urithi kwao walipewa urithi usio na mwisho katika nchi ya wengine.

Jina la Huxley

Mara nyingi mwandishi huyu hudhaniwa kuwa ndugu wa damu wa Aldous Huxley, mtunzi wa Brave New World (1932). Udugu huo ni wa ndoa. Mwaka wa 1925 Elspeth aliondoka Njoro kwenda kusomea kilimo katika chuo cha Reading, kisha akaendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Aliporudi Uingereza aliajiriwa na bodi iliyotangaza biashara ya bidhaa za makoloni, na huko akakutana na Gervas Huxley. Walioana mwaka wa 1931. Mwana wao wa pekee alizaliwa mwaka wa 1944.

Gervas alikuwa mjukuu wa Thomas Henry Huxley, mwanabiolojia aliyemtetea Darwin hadharani. Aldous na kaka yake Julian walikuwa wajukuu wa mzee huyo huyo, kwa hiyo walikuwa binamu wa Gervas. Gervas na Aldous walizaliwa mwaka mmoja, 1894, na walisoma pamoja utotoni. Julian, mwanabiolojia kama babu yake, alizuru Afrika Mashariki mwaka wa 1929 kuchunguza ufundishaji wa somo la biolojia, akaandika kitabu Africa View kilichotoka mwaka wa 1931, na baadaye akawa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa UNESCO. Mama yao Aldous na Julian alitoka katika ukoo wa Arnold, naye alikuwa binti wa ndugu wa mshairi na mhakiki Matthew Arnold.

Ndoa hiyo ilimwingiza Elspeth katika ukoo ambao urithi wake ulikuwa elimu na uandishi. Huu ulikuwa urithi wa aina nyingine kabisa na ule wa akina Grosvenor. Kwa akina Grosvenor mwanamke hakuweza kurithi kilicho cha maana, ilhali katika ukoo wa wasomi jina lilifungua milango ya wachapishaji hata kwa aliyeingia kwa ndoa. Haifai kusema kwamba jina hilo ndilo lililomfanya kuwa mwandishi, kwa kuwa alipokuwa bado msichana alikwisha kuandika habari za mchezo wa polo katika magazeti ya Nairobi kwa jina la kupanga la "Bamboo". Lakini ni haki kusema kwamba kuanzia kitabu chake cha kwanza, White Man's Country (1935), wasifu wa Delamere katika juzuu mbili, Elspeth aliandika akiwa na koo mbili mgongoni: ule wa walowezi uliompa maudhui, na ule wa wasomi uliompa jina.

Mtoto ndani ya gari la maksai

Katika tawasifu zake za utotoni Huxley aliwabadilishia wazazi wake majina. Jos akawa Robin na Nellie akawa Tilly. Mabadiliko haya yamechukuliwa kwa kawaida kama adabu ya mtoto, au kama hila ya kumpa mwandishi uhuru wa kubuni mazungumzo. Ni vyema kuyatazama pamoja na badiliko jingine lililo zito zaidi.

The Flame Trees of Thika inafunguliwa kwa safari ya kwenda kwenye shamba jipya, na mtoto yumo garini pamoja na mama yake. Wasifu wa Elspeth hauko hivyo. Wazazi wake walipoondoka mwaka wa 1912 walimwacha Uingereza, naye aliwafuata mwaka wa 1913, akiwa na umri wa miaka sita, wakati shamba lilikuwa limekwisha kuanzishwa. Mwandishi amemrudisha mtoto nyuma mwaka mmoja ili ashuhudie mwanzo.

Kwa nini kuwapo kwake siku ya kwanza kuwe na uzito kiasi hicho? Jibu linapatikana katika fani ya masimulizi ya chimbuko, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu vyema kutokana na habari za kale za miji ya pwani. Katika habari hizo, anayetajwa katika merikebu ya kwanza ndiye mwenye mji, na uzao wake hudai heshima kwa sababu ya kutajwa huko. Huxley alipomtia mtoto katika gari la maksai alikuwa akifanya jambo hilo hilo. Aligeuza shamba lililokodiwa kuwa chimbuko la ukoo, na akamfanya msimulizi kuwa shahidi wake. Kitabu kilitoka mwaka wa 1959, wakati utawala wa walowezi ulikuwa ukielekea ukingoni. Madai ya ardhi yalipoanza kudhoofika katika siasa yaliimarishwa katika fasihi, tena kwa sauti ya mtoto, ambayo si rahisi kuishuku. Mwaka wa 1981 kitabu kilipofanywa filamu ya televisheni nchini Uingereza, watazamaji wengi waliipokea kama kumbukumbu ya familia tu.

Jamaa wa nyumbani wasio na nasaba

Katika nyumba hiyo hiyo ya vitabuni wamo watu wengine. Yumo Juma, mpishi Mswahili. Yumo Sammy, msimamizi wa kazi. Yumo Njombo. Hawa si wahusika bapa. Huxley aliwapa ucheshi, hasira, mipango na heshima, na katika baadhi ya sura wao ndio wanaojua kinachotendeka ilhali wazungu wanababaika. Mhakiki mwadilifu hana budi kulikiri hilo.

Walichonyimwa ni nasaba. Juma anaingia katika hadithi akiwa mpishi na anatoka akiwa mpishi. Msomaji wa Kiswahili akikutana na Mswahili aliye mbali na pwani mwaka wa 1913, hujiuliza mara moja: ni mtoto wa nani, ametoka mji gani, ameacha nani nyuma? Maswali hayo ndiyo salamu ya kwanza ya Waswahili wanapokutana ugenini. Msimulizi hakuyauliza. Wakati huo huo msomaji anaelezwa kwa kirefu kuhusu shangazi na wajomba walioko Uingereza ambao hawaonekani kamwe shambani.

Pengo hili halikutokana na usahaulifu wa mwandishi peke yake. Lilikuwa na sheria nyuma yake. Wafanyakazi wengi wa mashamba ya Nakuru walikuwa maskwota, yaani watu walioishi katika shamba la mlowezi pamoja na wake, watoto na mifugo yao, wakapewa sehemu ya kulima kwa sharti la kumfanyia kazi. Sheria ya mwaka wa 1918 iliweka kazi hiyo kuwa siku 180 kwa mwaka, na ilikataa kumtambua skwota kama mpangaji mwenye haki katika ardhi. Sheria ya mwaka wa 1937 iliyapa mabaraza ya walowezi uwezo wa kupunguza mifugo ya maskwota na kuongeza siku za kazi hadi 270. Familia ya skwota iliishi shambani kwa muda wote ambao mkataba wa kazi uliruhusu. Mtoto aliyezaliwa Njoro hakuwa wa Njoro kwa mujibu wa sheria. Alikuwa wa hifadhi ya kabila lake, hata kama hakuwahi kuiona.

Tabitha Kanogo, katika utafiti wake kuhusu maskwota uliochapishwa mwaka wa 1987, anaeleza kwamba miongoni mwa waliohamia Bonde la Ufa kutoka nchi ya Wagikuyu walikuwamo watu waliokosa ardhi kwao, wakiwemo ahoi, yaani watu wanaolima ardhi ya mbari nyingine kwa hisani. Wengine walikuwa na mifugo na walitafuta malisho. Hapa ndipo mfanano uliotajwa katika utangulizi unapojitokeza. Nellie Grosvenor, binti wa mtoto asiye mrithi, na muhoi asiye na shamba katika mbari, walifika katika bonde moja kwa sababu moja. Kila mmoja alitoka katika ukoo wenye taratibu za urithi zilizomwacha nje. Mmoja alipewa karne kumi kasoro mwaka mmoja, na mwingine akapewa mkataba wa kazi. Waswahili husema kwamba mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Huko Njoro mgeni ndiye aliyegawa majembe.

Ukoo wa kubuni: Red Strangers

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba Huxley hakuweza kuona nasaba ya Mwafrika. Red Strangers inakanusha hitimisho hilo, na ndiyo sababu riwaya hiyo inastahili kusomwa upya.

Katika miaka ya 1930 Huxley alihudhuria semina ya Bronisław Malinowski mjini London. Katika semina hiyo alikuwamo pia Jomo Kenyatta. Semina moja ikazaa vitabu viwili vinavyofuatana: Facing Mount Kenya cha Kenyatta (1938) na Red Strangers cha Huxley (1939). Kenyatta anaanza kitabu chake kwa sura inayohusu asili ya Wagikuyu na mfumo wao wa udugu. Huxley naye, baada ya kukaa kwa muda miongoni mwa Wagikuyu akikusanya habari, aliandika riwaya ya vizazi, akianzia kabla ya kufika kwa wazungu. Mchapishaji wake wa awali alitaka sehemu zipunguzwe, hasa ile ya tohara ya wasichana. Mwandishi alikataa, na kitabu kikatolewa na mchapishaji mwingine.

Katika riwaya hiyo Wagikuyu ndio wenye majina, mababu, ng'ombe wa mahari na viapo, na wazungu ni wageni wasioeleweka vyema. Ndugu wawili, Muthengi na Matu, wanabeba hadithi hadi kizazi cha Karanja. Kilichokosekana katika habari za Juma kinapatikana hapa kwa wingi: msomaji anajua nani amemzaa nani, nani anadaiwa na nani, na laana ipi inafuata mlango upi.

Mwisho wa riwaya hiyo unastahili kuzingatiwa. Karanja anampa mtoto wake mchanga jina linalotokana na neno la Kiingereza la ndege ya angani. Kwa kaida ya Wagikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la babu mzaa baba, wa pili kwa jina la babu mzaa mama, na mabinti kwa mpango huo huo kwa upande wa nyanya zao. Jina ni njia ya kumrudisha mzee duniani. Kumwita mtoto kwa jina la chombo cha wageni ni kuukata mnyororo huo. Hivyo Huxley, aliyewapa Wagikuyu nasaba ndefu kuliko aliyowahi kumpa yeyote katika vitabu vyake, anaifunga nasaba hiyo kwa kuivunja.

Tendo hilo linaweza kusomwa kwa njia mbili. Kwa upande mmoja ni ukosoaji wa ukoloni, kwa kuwa linaonyesha hasara ambayo hakuna barabara wala shule inayoweza kuifidia. Kwa upande mwingine ni hukumu: ukoo wa Kigikuyu umekwisha, na kilichobaki ni watu wanaongoja kuongozwa. Barua ambazo Huxley alibadilishana na Margery Perham, zilizochapishwa mwaka wa 1944 kwa jina la Race and Politics in Kenya, zinaelemea usomaji wa pili, kwa sababu humo anawatetea walowezi kama watu ambao nchi haiwezi kwenda bila wao. Riwaya ni pana kuliko siasa ya mwandishi wake, na hilo si jambo geni katika fasihi. Lakini ni muhimu kutambua kwamba familia ya Kigikuyu ilipewa ukamilifu katika kitabu cha kubuni tu. Katika vitabu vilivyodai kusimulia yaliyotendeka nyumbani, watu waliokuwapo nyumbani walibaki na jina moja moja.

Barua na makazi

Nellie alimwandikia bintiye kutoka Njoro kwa zaidi ya miaka 30. Barua hizo zinataja mavuno, madeni, mbwa, bustani, wageni, magonjwa ya mifugo, na kuanzia tarehe 20 Oktoba 1952, hali ya hatari. Elspeth alizihifadhi na kuzichapisha miaka mitatu baada ya mama yake kufariki nchini Ureno mwaka wa 1977. Nyaraka za mwandishi mwenyewe, aliyeaga dunia tarehe 10 Januari 1997, zimo katika maktaba za Chuo Kikuu cha Oxford. Katika juhudi hizo zote kuna upendo wa kweli wa mama na mwana, na uhakiki usioona upendo huo utakuwa umesoma nusu ya maandishi.

Hata hivyo barua huhitaji anwani, na kumbukumbu huhitaji nyumba. Katika miezi ile ile ambayo Nellie aliandika juu ya hali ya hatari, maelfu ya Wagikuyu waliondolewa katika mashamba ya Bonde la Ufa na kupakiwa katika magari ya moshi na malori kurudishwa hifadhini. Vibanda vyao havikuwa mali yao. Familia zilizotawanywa hivyo zilibeba walichoweza kubeba, na karatasi hazikuwa za kwanza katika orodha.

Kwa sababu hiyo Mau Mau Detainee ya Josiah Mwangi Kariuki, iliyotoka mwaka wa 1963, ina thamani ya pekee kwa historia ya fasihi ya Nakuru. Kariuki alizaliwa mwaka wa 1929 huko Kabati-ini, upande wa pili wa mji wa Nakuru, wazazi wake wakiwa wamehama Nyeri kuja kufanya kazi katika shamba la mlowezi. Alikamatwa mwaka wa 1953 na kuzungushwa katika kambi za kizuizini kwa miaka saba. Kitabu chake kinakumbukwa kama ushuhuda wa kambi hizo, lakini kinaanza kama vitabu vyote vya ukoo vinavyoanza: kwa baba, mama na mahali pa kuzaliwa. Mtoto wa skwota anataja wazazi wake kwa majina, anaeleza walikotoka, na kwa kufanya hivyo anajaza nafasi iliyoachwa wazi na waandishi wa Njoro. Dibaji yake iliandikwa na Margery Perham, yule yule aliyebishana na Huxley mwaka wa 1944. Kariuki aliuawa mwezi wa Machi 1975, baada ya kuwa mbunge aliyewatetea wasio na ardhi.

Kitabu cha Kariuki kikiwekwa kando ya The Mottled Lizard, ambayo huko Marekani ilipewa jina la On the Edge of the Rift, vitabu hivi viwili vinakuwa nusu mbili za hadithi moja. Vinahusu wilaya moja, vizazi vinavyopakana, na watoto wawili waliolelewa katika mashamba ambayo wazazi wao hawakuzaliwa humo. Katika riwaya Ngũgĩ alifanya jambo linalokaribiana na hilo mwaka wa 1964: Weep Not, Child inaweka nyumba ya Ngotho na nyumba ya Howlands katika ardhi moja, na kuonyesha jinsi zote mbili zinavyobomoka. Katika fasihi ya Kiswahili, Kaburi Bila Msalaba ya P. M. Kareithi (1969) ilisimulia vita vya Mau Mau kwa lugha ambayo skwota na mtoto wake wangeweza kuisikia bila mkalimani.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba ukoo wa Elspeth Huxley ulifika Bonde la Ufa kwa kukosa urithi, ukapewa urithi na sheria, na ukauhifadhi urithi huo katika vitabu wakati sheria ilipobadilika. Nellie aliondoka Njoro mwaka wa 1965, na muda wa miaka 999 haukufika hata nusu karne kwa akina Grant. Kilichobaki cha ukoo huo katika bonde ni maandishi, na maandishi hayo ni mazuri kiasi cha kumfanya msomaji asahau kuuliza nani mwingine aliishi pale.

Haifai kuyatupa maandishi hayo, wala haifai kuyasoma kama kumbukumbu tulivu ya familia. Yanafaa kusomwa kama hati ya madai. Usomaji huo una umuhimu kwa Nakuru kuliko kwa Oxford. Katika Bonde la Ufa ya kati swali la nani alifika kwanza, nani ni mgeni na nani ni mrithi halijawahi kuwa la darasani pekee. Liliulizwa kwa mishale na moto mwaka wa 1992, likaulizwa tena huko Njoro mwezi wa Januari 1998, na tena mjini Nakuru mwezi wa Januari 2008. Kila mara masimulizi ya chimbuko yaligeuzwa kuwa silaha, na kila upande ulikuwa na gari lake la kwanza ambamo ulijiweka.

Fasihi haiwezi kugawa ardhi. Inaweza kuwafundisha wasomaji kushuku kila hadithi ya ukoo inayoanza kwa nchi tupu, iwe imeandikwa kwa Kiingereza cha walowezi au inasimuliwa jikoni kwa lugha za nyumbani. Wazee waliozaliwa katika mashamba ya Njoro, Bahati, Elburgon na Molo, watoto wa wapishi, wakamuaji na wachungaji, wanazidi kupungua mwaka hadi mwaka. Wengi wao wana nasaba kamili vichwani, hadi babu wa tano, na barua hata moja hawana. Mwanafunzi wa fasihi anayeishi katika bonde hili hahitaji kusafiri mbali kuanza utafiti. Swali la kwanza ni lile ambalo Juma hakuulizwa: mzee, wewe ni mtoto wa nani?